Mstari Mweupe kwenye Ubao wa Tajudini

Pesa iliyo mfukoni mwako sasa hivi, nani alikuambia kwamba bado ni hai? Usinijibu kwamba ni serikali. Usinionyeshe picha ya mtu mkubwa iliyochapwa juu yake. Ulipotoka nyumbani asubuhi uliamini tu kwamba muuza mkate ataipokea, naye aliamini kwamba mwenye unga ataipokea, na mwenye unga akaamini vivyo hivyo juu ya mwenye lori. Siku mmoja wao akishtuka, una karatasi mkononi. Nimesoma uchumi miaka minne katika Chuo Kikuu cha Burundi na hakuna profesa aliyenionyesha jambo hilo likitokea mbele ya macho yangu. Aliyenionyesha ni fundi redio wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Ninaandika habari zake kwa sababu wanaoandika vitabu vya uchumi hawatapita mtaani kwake.

Jina lake ni Tajudini. Mwaka 1999 ulipoanza alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Alizaliwa Buyenzi, na baba yake alikuwa mshona kofia. Ufundi aliupata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka la redio katika mtaa wa Waasia. Mgiriki yule hakuwa na subira ya kufundisha, kwa hiyo Tajudini alijifunza kwa sikio: alijua redio inaumwa wapi kwa namna inavyokoroma. Hata leo mteja akimletea redio, hamuulizi ina nini. Anaiwasha, anafumba macho, anasema, “Bon, acha hapa, kuya siku ya tano,” yaani njoo.

Lakini watu hawakumjua Tajudini kwa redio. Walimjua kwa ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati kuukuu alioupaka rangi nyeusi na kuutundika ukutani nje ya karakana yake. Aliuanza mwaka 1988, baada ya shangazi wa mke wake kuuza dola zake kwa bei ya kuchekesha. Alipoulizwa kwa nini, shangazi alisema alimuuliza bei yule yule aliyekuwa akizinunua. Tajudini alichukia. Tangu siku ile, kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, alikuwa akisikiliza habari za fedha kwenye redio ya Wafaransa, masafa mafupi, kisha anaandika kwa chaki: dola moja ni marki ngapi za Ujerumani, faranga ngapi za Ubelgiji, faranga ngapi za Ufaransa. Hakuuza pesa wala hakununua. Hakuchukua hata senti kwa kazi ile. Mfanyabiashara alisimama, akasoma, akaenda kwa wabadilishaji wa pesa akijua anachokisema.

Alikuwa na sheria moja tu: haandiki asichokisikia kwa masikio yake mwenyewe. Siku ambayo umeme ulikatika, au mawimbi yalikuwa mabaya, hakukisia na hakurudia bei ya jana. Alichora mstari mrefu mweupe mbele ya jina la pesa ile. Mstari ulikuwa na maana moja, “leo sikusikia,” na kesho yake namba ilirudi.

Miaka ile ya vita mji wetu ulikuwa umegawanyika. Kila upande ulikuwa na mitaa yake, na mtu alijifunza barabara za kupita na barabara za kutopita. Buyenzi iliwabakiza watu wake wa kila aina. Mbele ya ubao wa Tajudini nimeona watu wawili ambao jioni yake kila mmoja angemwogopa mwenzake njiani, wakisimama bega kwa bega na kubishana juu ya faranga ya Ubelgiji. Kwangu ubao ule ulikuwa na maana zaidi kuliko hotuba zote nilizozisikia.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya karakana yake, nikiandika memuari, yaani tasnifu yangu ya mwisho. Somo langu lilikuwa pesa mpya ya Ulaya, yuro. Rafiki zangu walinicheka: nchi inaungua, kahawa haina bei, majirani wametuwekea vikwazo, na wewe unaandika juu ya Wazungu! Niliwajibu, na bado ninajibu hivyo hivyo: kahawa yetu tunawauzia nani? Na zaidi ya hayo, hebu tazama. Watu waliouana kwa mamilioni mara mbili katika karne moja wameketi mezani, nchi kumi na moja, kila mmoja ameweka chini pesa yake, na pesa ni kitu ambacho mtu hakiachii hivi hivi. Kama Mjerumani na Mfaransa wameweza, mimi nani aniambie kwamba mtu wa Kamenge na mtu wa Ngagara, mitaa yetu iliyopigana, hawawezi?

Tajudini alikuwa akiniita Profeseri, kwa kejeli. Siku moja nilimweleza swali linalowaumiza wataalamu kichwa mpaka leo: je, nchi nyingi zinaweza kutumia pesa moja bila kuwa na serikali moja? Moja ikipata shida na nyingine ikinawiri, nani atamsaidia nani?

Hakuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiilehemu. “We umeisha kuona redio mbili kwa betri moja?”

“Nimeona.”

“Moja ikipandisha sauti, ingine inaanza kukohoa. Sasa ujue kama wenyewe ni ndugu. Kama ni ndugu, watapunguza. Kama apana, watapigana juu ya betri.”

Niliandika maneno yale pembeni ya daftari. Profesa wangu aliyakuta akauliza yametoka kitabu gani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Usiku wa kuingia mwaka 1999 yuro ilizaliwa. Noti zake hazikuwepo bado, zingekuja miaka mitatu baadaye. Noti za zamani ziliendelea kutumika, ila zilifungwa pamoja. Marki, faranga ya Ubelgiji, faranga ya Ufaransa na nyinginezo ziliwekewa kipimo kimoja kisichobadilika tena, kama watu waliovaa nguo tofauti lakini mwili ni mmoja. Mimi nilijua hayo. Tatizo ni kwamba sikuwepo Buyenzi. Jumatatu, Jumanne na usiku wa kuamkia Jumatano nilikuwa mtaa wa Mutanga kwa rafiki yangu mwenye mashine ya chapa, nikichapa memuari.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe nne Januari, Tajudini alifungua redio kama kawaida. Msomaji wa habari za fedha alisoma yuro kwa dola, basi. Hakusoma marki. Hakusoma faranga. Hakukuwa na haja tena ya kuzisoma. Tajudini alingoja mpaka mwisho, kisha akatoka nje na kufanya kile alichokuwa akikifanya miaka kumi na moja. Aliandika “yuro” kwa herufi mpya, akaweka namba yake, na mbele ya marki na faranga zote mbili akachora mistari mirefu mitatu.

Jumanne alichora tena. Jumatano tena.

Ubao ulikuwa haujawahi kuwa na mstari siku tatu mfululizo. Na mji ulikuwa tayari umesikia uvumi kwamba Wazungu wamefuta pesa zao. Watu walipoiona ile mistari, walimaliza sentensi wenyewe: marki imekufa, hata Tajudini ameifuta.

Faranga ya Ubelgiji haikuanguka, na sababu yake ni ya hapa kwetu. Wakubwa wa Kiriri, mtaa wa matajiri, walikuwa na watoto wanaosoma Ubelgiji, na kila mwezi walizitafuta noti zile ili wawapelekee, kwa hiyo wabadilishaji waliendelea kuziuza kwa faranga zetu za Burundi ishirini kila moja. Marki haikuwa na mtu wa kuililia. Mbadilishaji mkubwa wa Buyenzi, Shaabani, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alisema anawaonea huruma watu. Marki iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mia nne, yeye alitoa mia mbili.

Niliporudi Jumatano kabla ya adhuhuri nilimkuta Fatouma amekaa kwenye benchi la karakana, mkoba mapajani. Fatouma aliuza vitenge sokoni. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, siku kumi na tatu hivi kabla ya Idi, na muuza vitenge asiyeuza kabla ya Idi amepoteza mwaka. Katika bohari moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, kulikuwa na marobota mawili aliyokuwa amewekewa, bei laki tano na nusu, mwisho Alhamisi adhuhuri. Baada ya hapo yangekwenda kwa mwingine. Pesa alikuwa nayo: marki elfu moja na mia tano, noti safi alizotumiwa na mdogo wake Anouar anayepaka rangi magari kule Köln. Kwa bei ya wiki iliyopita angelipa marobota na kubakiza. Kwa bei ya Shaabani angepata laki tatu na kurudi nyumbani mikono mitupu.

“Shaabani amenipa mpaka kesho asubuhi,” aliniambia. “Anasema kesho kutwa atanunua mia moja. Consolée ameisha kuuza zake jana, marki mia mbili, kwa elfu arobaini. Amelia mpaka sabuni zake zimelowa.” Consolée alikuwa muuza sabuni kutoka Ngagara.

“Mama Fatouma, usiuze!” nilisema. “Marki haijafa! Ni pesa nzima!”

“Nani amesema?”

“Mimi nasema. Iko kwenye gazeti, nimelisoma maktaba. Marki moja ni faranga ishirini na senti sitini na mbili za Ubelgiji, leo, kesho na milele.”

Kijana mmoja aliyekuwa akingoja redio yake alicheka. “Gazeti lilisema pia vita itaisha Krismasi.”

Watu wote pale walicheka, na mimi nikawaka. Nilimgeukia Tajudini, nikanyoosha kidole kuelekea nje. “Fundi, hili ni kosa lako! Mistari yako inawala watu! Chukua chaki uandike!”

Tajudini aliweka chini chuma cha kulehemu. “Kosa gani? Mstari ni mstari. Unasema sikusikia. Miaka kumi na moja unasema sikusikia.”

“Watu wanasoma kifo!”

“Mi sikuandika kifo!”

“Fundi Taju,” Fatouma alisema polepole, “na mimi nilisoma kifo.”

Tajudini aliinuka. Alimtazama Fatouma, kisha akatoka nje na kusimama mbele ya ubao wake kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Profeseri, namba yako nakubali inaweza kuwa ya kweli. Lakini mi nikiandika kitu nimeambiwa na mutu, kesho Shaabani naye atakuja kuniambia yake. Nitamkatalia na nini? Ubao utakuwa wa nani?”

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumwambia kwamba ukaidi wake utamla Fatouma. Lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Kilichokuwa kikiaminiwa pale si chaki. Benki kuu za dunia zinatumia majengo ya marumaru na magavana wenye suti ili kupata kile ambacho Tajudini alikipata kwa kutoandika asichokisikia.

“Basi tuisikie,” nilisema. “Wiki ya kwanza ya pesa mpya, hakuna redio Ulaya isiyoieleza. We unasikiliza asubuhi peke yake, tena stesheni moja. Tusikilize zote.”

Alinitazama. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. “Hayat!” alimwita mke wake. “Kuya! Na unga wako kuya nao!”

Kwenye rafu kulikuwa na redio sita za wateja, nne zikiwa zimepona. Alizipanga hizo nne juu ya meza, kila moja na waya wake umening'inizwa dirishani. Moja ilipewa Wajerumani wanaotangaza kwa Kiswahili, moja Wafaransa, moja Wabelgiji, na ya nne aliizungusha yeye mwenyewe kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo. Hayat, aliyekuwa akikanda unga wa sambusa za futari, aliketi mwisho wa meza mbele ya Wabelgiji, kwa sababu alisoma kwa masista na Kifaransa chake kilizidi cha wote. Fatouma alikaa mlangoni kuwazuia watu wasiongee. Mtu akisema neno, alimtisha kwa kandambili.

Tulisikia mahubiri. Tulisikia bei ya pamba. Rumba kutoka ng'ambo ya ziwa ilivamia mara mbili, na Tajudini akaitukana kwa Kirundi, kisha akakumbuka amefunga, akaomba msamaha kwa Mungu. Katika matangazo ya mchana, Wajerumani wa Kiswahili walifika kwenye mambo ya uchumi. Mtangazaji alieleza taratibu kabisa, kama mwalimu wa darasa la kwanza: marki itaendelea kutumika, haibadiliki thamani yake ndani ya yuro, na yuro moja ni marki moja nukta tisa tano tano nane tatu.

“Rudia!” Tajudini aliiambia redio. Redio haikurudia, lakini mimi na yeye tulikuwa tumeiandika, na alilinganisha daftari langu na lake kabla ya kukubali.

Tulikuwa na nusu. Namba ya marki peke yake isingemsaidia Fatouma. Mtu wa Bujumbura hakuwa akijua yuro ni nini. Tulihitaji faranga ya Ubelgiji, pesa ambayo kila mtu aliiheshimu, ili ionekane kwamba hizi mbili zimefungwa kamba moja.

Alasiri ikapita. Mara mbili Tajudini aliinuka kwenda kusali na mara mbili alituapisha tusiguse kitufe. Fatouma alianza kuhesabu kwa vidole saa zilizobaki. Kisha mwanamke mmoja wa redio ya Ubelgiji akaanza kueleza wasikilizaji walio nje jinsi ya kugeuza bei za nyumba zao kuwa yuro, na Hayat akainua mkono mweupe wa unga. Hakukuwa na kalamu karibu naye. Aliinama, akaandika kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani: 40,3399, yaani faranga arobaini na kitu kwa yuro moja.

“Umeisikia sawa?” Tajudini alinong'ona.

“Quarante virgule trente-trois quatre-vingt-dix-neuf,” Hayat alisema. “We ulisikia nini?”

“Ile ile.” Akasukuma kiti. “Hakuna mutu anapumua juu ya ile unga.”

Tuligawa namba hii kwa ile ya marki, mimi upande huu na yeye upande ule, kwa mkono. Tulipata ishirini na senti sitini na mbili, sote wawili. Sikusema kitu. Ninajisifu kwa hilo.

Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, alitoka na ndoo ya maji akauosha ubao wote. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja aliandika maneno. Aliandika namba mbili alizozisikia, kila moja na jina la redio iliyoisema. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: “Hii hatukusikia, tumegawa: marki 1 = faranga za Ubelgiji 20,62. Gawa na wewe.” Na chini kabisa: “Mstari maana yake ni Tajudini hakusikia. Marki haikufa. Kosa ni la Tajudini.”

Nilimwambia maneno ya mwisho hayana haja. Aliniambia nile sambusa yangu.

Asubuhi yake niliamka mapema. Saa moja haijafika, watu walikuwa wamejaa mbele ya ubao. Mwalimu Anselme wa shule ya msingi alikuwa akigawa kwa kijiti mchangani, na watu walikuwa wakimsahihisha. Consolée alikuwepo, ameshika beseni lake la sabuni. Fatouma alikuwa na mkoba wake. Shaabani alikuja mwisho, kwa miguu, akasoma ubao kuanzia juu mpaka chini, na akausoma tena.

“Tajudini,” alisema, “umesikia hii?”

“Nimesikia.”

“Bon.” Akajipapasa tumbo. “Lakini kusikia si kununua. Fatouma, marki hapa nani anaitaka? Mi nitakaa nazo kama picha za ukutani. Kwa sababu ni mwezi mtukufu, nakupa mia mbili na hamsini.”

Fatouma alishika mkoba kwa nguvu. Nilimwona akitazama jua, akihesabu.

Hapo ndipo Népomuscène aliposogea. Alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa Kiriri, na kila mwezi alishuka Buyenzi kumnunulia bosi wake faranga za Ubelgiji kwa ajili ya binti anayesoma Liège. Gari lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesoma ubao muda mrefu.

“Profeseri,” aliniuliza, “ule mutoto akipeleka marki benki kuu ya kule Ubelgiji, watampa kwa hii bei ya ubao?”

“Hiyo hiyo. Ndiyo maana ya kufungwa pamoja.”

“Sasa mi kila mwezi nanunua faranga zao kwa ishirini.” Alihesabu midomo ikicheza. “Marki ikiwa ishirini na kitu za zile... ni kama mia nne na kumi.” Akamgeukia Fatouma. “Mama, mi nakupa mia tatu kwa marki.”

Watu waliguna. Shaabani aligeuka haraka kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza. “We dereva, toka lini unafanya kazi yangu?”

“Toka nimejua kusoma.”

“Mia tatu na ishirini,” Shaabani alisema.

“Mia tatu na hamsini.”

“Sha, utamwambia nini bosi wako?”

“Nitamwambia amepata faida. Mia tatu na hamsini, mama.”

“Mia tatu na themanini!” Sauti ya Shaabani haikuwa ya taratibu tena. Watu walianza kucheka na kupiga makofi kila namba ilipopanda. Mwalimu Anselme alifuta hesabu zake kwa mguu na kuandika bei mchangani, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyetangaza amri yoyote, hakuna askari aliyekuja. Bei ilikuwa ikitembea yenyewe kuelekea mahali pake, hatua kwa hatua, mbele ya watu waliokuwa na njaa ya kufunga na walioamka na hofu.

“Mia nne,” Népomuscène alisema. Kisha akamtazama Shaabani.

Shaabani alitikisa kichwa. Alijua hesabu kuliko sisi sote. “Chukua,” alisema. “Imebaki sambusa moja tu ya faida hapo, kula.”

Fatouma aliuza. Mwalimu alihesabu noti kwa sauti mbele ya wote, laki sita. Consolée aliweka beseni chini, akasimama mbele ya Shaabani na kumnyooshea kiganja, na watu wote wakasogea nyuma yake. Shaabani alitazama huku na huku. Alitia mkono mfukoni, akampa elfu ishirini. “Nyingine ni ya hatari niliyobeba,” alisema. Wanawake walimzomea mpaka akaongeza kumi, na Consolée akaichukua bila kumshukuru.

Tajudini hakuyaona hayo. Alikuwa ameingia ndani, tayari ana redio ya mtu sikioni, macho yamefumba.

Saa tatu kasoro robo Fatouma aliomba lifti. Népomuscène alisema bohari iko njiani, hata kama haikuwa njiani kabisa. Nilimwona Fatouma akiingia kiti cha nyuma cha gari jeusi la mkubwa wa Kiriri, kandambili zake amezishika mkononi ili asichafue zulia, na gari likageuka kuelekea Zone Industrielle.